Muulize Mama Fundi: Rangi usiyoitaka kwenye uzio wa bustani

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: uzio una rangi ambayo mwenye nyumba haitaki, naye anataka kuifunika bila kuhangaika sana. Nimepaka rangi kwa miaka zaidi ya thelathini, na kazi ya kupaka juu ya rangi ya mtu mwingine ndiyo iliyonifundisha zaidi ya zote. Nimechagua barua saba. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nusu ya majibu ya wengine yamo humo.

*

Shikamoo Mama Fundi. Tumehamia nyumba yenye bustani nzuri, ila uzio wake wa mbao umepakwa buluu kali ya kung'aa, na mahali pengine inabanduka. Mume wangu alinunua rangi ya maji ya kahawia, akapaka sehemu moja juu kwa juu. Ilipendeza sana. Baada ya mvua mbili tatu ikaanza kuvimba, na ukiivuta inatoka pamoja na buluu yake nyuma, kama stika. Tumeuziwa rangi mbaya?
*Mama wa uzio wa buluu*

Marahaba, mwanangu. Rangi yenu haina kosa. Imeshika vizuri kabisa, ila imeshika kitu ambacho chenyewe hakikuwa kimeshika.

Chukua kile kipande kilichotoka kama stika, kigeuze, ukitazame mgongoni kwenye mwanga. Mgongo wa rangi iliyobanduka unaeleza mengi. Ukiona vinyuzi vya kijivu vimeng'ang'ania, vyembamba kama malaika ya mkononi, ujue aliyepaka buluu aliipaka juu ya mbao zilizokwisha kuliwa na jua. Ukiona ungaunga unaobaki kidoleni, chini yake kuna chokaa, au rangi nyingine iliyochakaa ikawa vumbi. Na ukiona mgongo safi, laini, unaong'aa, basi maji yalipita ndani ya ubao yakaisukuma rangi kwa nyuma.

Hilo la maji ndilo la kawaida zaidi kwenye uzio, na sababu yake ni rahisi kuiona: zunguka upande wa pili. Mara nyingi upande wa pili haujapakwa kitu. Mvua inaingia kwa nyuma, inaingia kwa juu kwenye ncha za mbao zilizokatwa, inapanda kutoka chini pale ubao unapogusa udongo. Ncha ya ubao hunywa maji kuliko ubavu wake, kwa sababu mishipa ya mti imekatwa na kuachwa wazi pale. Kisha jua linapiga upande uliopakwa, maji yanataka kutoka, na mlango umefungwa kwa rangi. Hapo ndipo malengelenge yanapoota.

Tena ubao haukai tuli. Ukilowa unapanuka, ukikauka unasinyaa, na ubao wa upana wa sentimita 15 unaweza kucheza milimita tatu hivi kati ya majira ya mvua na kiangazi. Rangi ya mafuta ikizeeka inakuwa ngumu na kukatika kama ganda la yai, haiwezi kuufuata ubao. Halafu ukaja wewe na rangi mpya ya maji. Rangi ya maji inapokauka hujikaza na kuvuta kilicho chini yake. Buluu iliyokuwa imelegea ikavutwa, ikaachia.

Sasa tufanye kazi. Kwanza pima uzio mzima, usiishie sehemu moja, kwa sababu upande unaopigwa na jua la mchana huwa na hali tofauti kabisa na ule ulio kivulini. Chukua kisu chenye makali, chora alama ya X kwenye rangi mpaka ufike kwenye ubao. Bandika utepe wa gundi unaoshika sana juu yake, isugue kwa kidole mpaka ishike barabara, kisha ing'oe kwa mkupuo mmoja. Isipotoka na kitu, au ikitoka na vichembe tu kwenye mistari ya kisu, rangi hiyo ni nzima na inaweza kubebeshwa rangi nyingine. Ikitoka na vipande, hapo hapana budi kukwaruza. Fanya hivyo mahali kumi, na usisahau chini karibu na udongo.

Kipimo cha pili ni cha kujua ni rangi ya nini. Lowesha pamba kwa spiriti, sugua mahali padogo kwa nguvu. Rangi ya maji italainika na kuchafua pamba. Rangi ya mafuta haitajali. Buluu ya kung'aa kama hiyo yenu nadhani ni ya mafuta, lakini pima.

Palipolegea, kwaruza kwa skrepa, lile bamba la chuma la kukwaruzia, mpaka ufike mahali ambapo rangi inakataa kutoka. Usilazimishe kuitoa yote. Ile inayokataa ni nzima, iache. Kisha chukua msasa namba 80 ulainishe ule ukingo kati ya rangi na ubao mtupu, umalizie na namba 120, mpaka ukipitisha kiganja ukiwa umefumba macho usiuhisi mpaka wao. Jicho linaweza kukudanganya hapa, kiganja hakikudanganyi. Palipobaki buluu nzima inayong'aa, ikwangue kidogo kwa msasa ipoteze mng'ao, maana rangi mpya haina pa kushika kwenye kioo. Na ubao wa kijivu uliojitokeza usugue mpaka uone rangi ya mti wenyewe. Wataalamu wa maabara ya serikali ya Marekani ya mazao ya misitu, iliyoko Madison, Wisconsin, walipima mbao zilizoachwa juani kabla ya kupakwa na wakaona kuwa hata wiki chache tu zinatosha kupunguza nguvu ya rangi kushika. Uzio wenu umekaa miaka.

Osha kwa maji na sabuni, suuza vizuri, uache ukauke kabisa. Usipime ukavu kwa kugusa juu tu. Baada ya mvua ya kutwa mimi husubiri siku tatu nne za jua, na kama kuna kivuli nasubiri zaidi.

Ubao mtupu upake praima ya mbao za nje, ile rangi ya kwanza ya kushikia, siku ileile au kesho yake, usiuache wiki. Zile ncha za juu na za chini zipake praima mara mbili, ubonyeze brashi mpaka ubao uache kunywa. Ndipo mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ya rangi yenu ya kahawia. Msipake jua likiwa juu ya ubao. Fuateni kivuli kinavyozunguka uzio, na mwache mapema jioni, ukibaki muda wa saa mbili kabla umande haujaanguka. Mkiweza kupaka na upande wa nyuma, hata mkono mmoja wa dawa ya mbao inayozuia maji, mtakuwa mmefunga ule mlango uliosababisha yote haya.

Nawaambia hivi kwa uchungu kwa sababu nilikosea hivyohivyo. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilipewa uzio mrefu uliokuwa mweupe. Mjomba, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na desturi ya kupitisha kiganja juu ya kila kitu kabla ya kufungua kopo. Siku hiyo hakuwepo, na mimi sikupitisha kiganja. Kumbe ule weupe ulikuwa chokaa. Nikapiga rangi ya mafuta ya kijani, mikono miwili, nikalipwa, nikaondoka. Chokaa ina ukali unaogeuza mafuta ya rangi kuwa kitu kama sabuni. Kabla mwaka haujaisha mwenye uzio aliniita, mzee mpole, hakupandisha sauti. Alishika ukingo wa rangi kwa vidole viwili akaivuta, ikaja yote upana wa mkono, laini, na nyuma yake unga mweupe. Nilirudi nikaufanya upya bila malipo. Siku tisa nikisugua chokaa kwa brashi ngumu na maji.

*

Mama Fundi, sitaki rangi nyingine juu ya rangi. Nataka mti uonekane tena. Naweza kupaka ile rangi ya mbao ya majimaji inayoacha mistari ya mti kuonekana, juu ya rangi nyeupe niliyoikuta?
*Mpenda mti*

Hapana, ndugu yangu. Ile ya majimaji kazi yake ni kuingia ndani ya nyuzi za ubao. Ikikuta rangi inabaki juu inateleza, inakauka kwa mabaka, na mistari ya mti haitaonekana kwa sababu imefunikwa na ule weupe.

Lakini kabla hujaanza kukwaruza uzio mzima, toa ubao mmoja. Ung'oe misumari taratibu, au ulegeze skrubu, uugeuze. Mara nyingi mgongo wake haujawahi kuguswa na brashi. Nimewahi kufika na mashine ya msasa nikaiacha kwenye mfuko siku nzima. Tulichofanya ni kugeuza mbao, kuzipiga msasa kidogo kuondoa ukijivu, na kuzirudisha kwa skrubu mpya za chuma kisichoshika kutu. Ile nyeupe ikaangalia upande wa vichaka. Kama upande huo wa pili ni wa jirani, zungumza naye kwanza, maana unampelekea yeye rangi unayoikataa wewe.

Ikiwa pande zote mbili zimepakwa, hakuna njia ya mkato. Ni skrepa, dawa ya kulainisha rangi na msasa. Dawa za kulainisha zilizotengenezwa kwa methilini kloridi ziepuke kabisa; mvuke wake umeua mafundi, na Marekani ilikataza kuziuza kwa watu wa kawaida mwaka 2019. Zipo za polepole zaidi ambazo unapaka, unafunika kwa nailoni, na kurudi baada ya saa kadhaa. Ukimaliza, nyunyiza matone ya maji juu ya ubao. Yakizama, ubao uko tayari kunywa rangi yako. Yakikaa juu kama shanga, bado kuna kitu kimeziba.

*

Mwenye nyumba wa zamani alipaka uzio oili chafu ya gari ili mchwa wasile. Nimepaka nyeupe mara tatu. Kila mara linatokeza doa la kahawia kama chai. Nimechoka, mama.
*Aliyechoka na madoa*

Pole sana mwanangu. Acha kupaka nyeupe leo. Mkono wa nne utaishia kama wa tatu.

Oili ya injini haikauki. Haikutengenezwa ikauke. Imekaa ndani ya ubao wako ikiwa majimaji vilevile, na kila jua likipiga inapanda. Rangi ya kawaida ina vitundu vidogo mno ambavyo oili inapita. Ipo praima ya kuzuia madoa, ile ya shelaki inayoyeyushwa kwa spiriti, nami naiamini sana kwa madoa ya utomvu wa vifundo, ya wino na ya kutu. Ila hata hiyo inataka pa kushika, na juu ya ubao ulioshiba oili haipati.

Kwa hiyo angalia oili imeingia kiasi gani. Kwangua ubao kwa ukingo wa skrepa. Kama weusi unaisha milimita moja ndani, sugua kwa tina ya kuyeyushia rangi na vitambaa safi, ukibadilisha kitambaa kila kinapochafuka, acha jua liufanyie kazi miezi kadhaa, sugua tena, kisha ujaribu ile praima kwenye ubao mmoja na usubiri mwezi kabla ya kuendelea. Vitambaa hivyo usivirundike kwenye ndoo ndani ya banda. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, kwa sababu tina hushika moto upesi. Na vile vya mafuta ya kitani ni hatari zaidi, vinaweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa.

Kama weusi umeenda ndani, nakushauri ubaki na rangi ya giza au ubadilishe mbao zilizo mbele ya macho yako tu, pale unapokaa. Ukibadilisha, mbao za zamani usizipikie. Oili iliyotumika ina metali na masizi yasiyofaa kuvutwa na mtu. Hali ni hiyohiyo kwa mbao zilizopakwa kriosoti, ile dawa nyeusi ya lami ya makaa ya mawe inayonuka kama nguzo za simu za zamani. Umoja wa Ulaya uliizuia kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2003, na moshi wake haufai kabisa.

Nakuelewa hamu yako ya nyeupe. Lakini uzio wa kijani kizito au kahawia nyeusi una uzuri wake: maua mbele yake yanatokeza kuliko mbele ya nyeupe. Jaribu ubao mmoja, weka chungu cha maua mbele yake, rudi nyuma hatua kumi.

*

Nyumba ni ya zamani sana, na uzio una tabaka nyingi za rangi. Nimehesabu tano: kijani, krimu, njano, kijani tena, nyeupe. Nataka kuzitoa zote kwa mashine ya msasa ili nianze upya. Mwanangu ana miaka miwili na anapenda kuchezea udongo pale chini.
*Baba wa mtoto wa miaka miwili*

Ndugu yangu, tafadhali usiwashe hiyo mashine. Barua yako niliisoma mara mbili nikairuka foleni niijibu.

Rangi za zamani nyingi zilichanganywa na madini ya risasi. Weupe ulitokana nayo, na njano na kijani nyingi zilitokana na risasi iliyochanganywa na kromu, na hata dawa ya kukausha rangi ilikuwa na risasi. Marekani ilizikataza kwa nyumba za watu mwaka 1978. Nchi nyingine zilichelewa zaidi, na zipo sehemu ambako rangi mpya zenye risasi zinauzwa hadi leo. Kiwango kinachopendekezwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ni kisichozidi sehemu 90 kwa kila milioni. Rangi ya zamani inaweza kuwa na maelfu ya sehemu, hata makumi ya maelfu. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto wa miaka miwili ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mwili wake unaifyonza haraka kuliko wako na ubongo wake ndio kwanza unajengeka.

Mashine ya msasa ingegeuza tabaka zote tano kuwa vumbi na kulimwaga kwenye udongo anaochezea. Kuchoma rangi kwa moto ni hatari zaidi, maana risasi inageuka moshi unaouvuta moja kwa moja.

Fanya hivi. Leo mtoto ahamie upande mwingine wa bustani. Peleka kipande cha rangi chenye tabaka zote kwenye maabara, au tumia vile vijiti vya kupimia vinavyobadilika rangi, ukikata kwa mshazari ili tabaka zote zionekane. Mpaka ujue, chukulia kuwa risasi ipo.

Ikiwa ipo, na rangi imeshika vizuri, basi wewe nakuambia ufunike. Risasi iliyolala chini ya rangi nzima haimdhuru mtu. Osha kwa sabuni, usipige msasa mkavu, paka praima inayoshika sehemu ngumu, kisha mikono miwili. Pale palipolegea tu, nyunyizia maji kwanza, kwaruza kikiwa kimelowa, juu ya nailoni pana uliyoitandaza kuanzia chini ya uzio hadi mita tatu kutoka hapo, siku isiyo na upepo. Vaa barakoa yenye kichujio cha daraja la juu, ile ya P100 au P3; ya kitambaa haisaidii kitu. Magamba yafungwe ndani ya nailoni hiyohiyo na kupelekwa panapopokea taka za sumu. Nguo zako zifue peke yake, na unawe mikono na uso kabla hujamshika mtoto.

Ikiwa imelegea kila mahali, usikwaruze. Lowesha, ng'oa mbao nzima nzima, zifunge, ziondoke. Uzio mpya ni gharama, najua.

Kisha ule udongo wa chini. Magamba yamekuwa yakianguka pale kwa miaka mingi. Usipande mboga hapo karibu. Ufunike kwa nyasi nene, au kwa kokoto juu ya kitambaa kizito, mtoto asiupate. Na mpeleke akapimwe damu hata kama anaonekana mzima. Risasi haionyeshi dalili mapema.

*

Uzio wetu ni wa mabati. Rangi ya mafuta ilipakwa yakiwa mapya, sasa inatoka kama karatasi na bati chini linang'aa halina hata kutu. Imekuwaje?
*Wa mabati*

Huko kung'aa ndiko kunakueleza. Bati limefunikwa kwa zinki ili lisishike kutu, na rangi ya mafuta ikikaa juu ya zinki, polepole mafuta na zinki huungana vikawa utando wa sabuni katikati yao. Rangi inabaki imekalia utelezi. Ni jambo lilelile lililonipata kwenye chokaa, na limewapata mafundi wazuri wengi.

Habari njema ni kwamba itatoka kirahisi. Toa yote safari hii, usiache hata ile inayoonekana nzima, kwa sababu itafuata. Osha bati kwa sabuni na brashi ya nailoni, suuza. Palipo na kutu kwenye misumari na kingo, piga brashi ya waya mpaka ukutane na chuma, uweke praima ya kuzuia kutu. Sehemu iliyobaki ipake praima ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya mabati yenye zinki, kisha rangi ya maji ya nje. Usipake bati likiwa la moto. Mimi hulipaka asubuhi umande ukishakauka na kabla jua halijalikamata.

*

Jirani alipaka upande wake rangi ya chungwa. Imepenya kwenye nafasi za mbao na kutiririka upande wangu, mistari mistari. Sitaki ugomvi naye.
*Jirani mpole*

Mistari mibichi ya rangi ya maji ingetoka kwa kitambaa na maji. Ikishakauka, iache ikauke kabisa wiki mbili, uinue kila tone kwa ncha ya skrepa, matone manene hutoka mazima. Kinachobaki kipige msasa kufuata mistari ya mti. Kama upande wako una rangi, paka praima ya kuzuia madoa juu ya mabaki, maana chungwa na nyekundu hupenya ukipaka rangi nyepesi juu yake, kisha rangi yako ubao mzima, toka juu hadi chini. Ukipaka kiraka tu kitaonekana milele.

Na mwambie, dada. Huenda hajui kabisa, kwa sababu akiwa upande wake hauoni huu wako. Mwite aje aone, na safari ijayo mshike pamoja ubao mwembamba nyuma ya nafasi anapopitisha brashi.

*

Uzio wangu ni mita 20 kwa urefu, mita 1.8 kwenda juu. Rangi ya zamani ni kijani kizito, nataka krimu. Ninunue lita ngapi?
*Asiyetaka kurudi dukani*

Zidisha: ni mita 36 za mraba kwa upande mmoja. Ubao laini uliopakwa tayari, lita moja hufunika mita kumi hivi. Ubao wa msumeno usiorandwa unakunywa, hesabu mita sita. Mikono miwili kwa upande mmoja ni lita saba na kidogo ukiwa laini, lita 12 ukiwa mkwaruzo. Pande zote mbili, zidisha kwa mbili.

Ila kutoka kijani kizito kwenda krimu, mikono miwili juu kwa juu haitatosha, kijani kitachungulia. Badala ya kununua krimu ya mkono wa tatu na wa nne, nunua praima na uwaombe waitie kijivu chepesi. Kijivu kinakizima kijani, na krimu hufunika kijivu kwa mikono miwili. Hesabu ya praima ni ya mkono mmoja, kwa hiyo nusu ya lita hizo.

Changanya makopo yote ya krimu kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza, kwa sababu kopo na kopo hutofautiana kidogo na tofauti hiyo itajitokeza katikati ya uzio. Itakayobaki irudishe kwenye kopo dogo lijae mpaka juu, hewa isipate nafasi, ulifunge, na uandike kwenye mfuniko tarehe, na kwamba ni ya uzio. Pindi ubao mmoja utakapokwaruzwa na toroli utakuwa na rangi ileile.